Nyuma Yako

Alhamisi saa kumi karatasi hubandikwa
kwenye mlango wa sekretariati, kwa plasta ya hospitali.
Majina kumi na moja, kwa kalamu ya risasi,
maana kocha Birindwa haamini wino.
Mimi huisoma kutoka chini. Si unyenyekevu:
kipa huandikwa mwisho, na juu yake beki wa mwisho,
kwa hiyo habari yangu haikawii.

Murhula.

Wiki ya nne sasa, Murhula,
mtoto wa Panzi, mwaka wa kwanza kilimo,
miguu ya korongo, ndevu bado ziko njiani.
Mimi niko mwaka wa tatu.
Jezi namba tano naijua hadi mshono:
mama ndiye aliyeirudishia uzi kwapani
usiku ule umeme ulipokatika Kadutu nzima,
akashona kwa mwanga wa simu aliyoibana kwa meno.
Leo uzi ule unanyonya jasho la mwingine.

Uwanja wetu umeinama. Bukavu, nani atashangaa?
Hapa hata ugali kwenye sahani hutafuta ziwa.
Kipindi kimoja unapanda, kimoja unateremka,
na mpira ukiwashinda wote
unaruka ukuta, unashuka ngazi za wauza sambaza,
hausimami hadi mtaroni, kwa Mama Nsimire wa makaa.
Anayeufuata ni mtu wa benchi.
Nimeufuata hadi Mama Nsimire akaniuliza:
"We mwanafunzi, unasomea kuokota mipira?"

Kazi ya beki wa mwisho si mguu, ni shingo.
Wenzako wanatazama mbele, kwenye sifa;
wewe unageuka, unageuka tena,
kama mtu anayerudi nyumbani usiku.
Na mdomo. Beki bubu ni mti tu.
Mimi mdomo ninao: Panda! Kaba! Acha, wangu!
Walinisikia hadi barabarani.

Murhula ana kasi kunishinda. Anaruka kunishinda.
Ila mpira ukiwa kulia, kushoto anakusahau
jinsi mtu anavyosahau deni.
Niliiona kasoro hiyo mazoezi ya kwanza
nikaikunja, nikaiweka mfukoni,
kama noti ya akiba.

Jumamosi walikuja vijana wa Uvira,
vumbi la Ngomo bado kwenye nyusi.
Dakika ya sabini na moja, bila kwa bila.
Mpira kulia.
Kushoto, yule wao mwenye soksi zisizofanana
akaanza kunyemelea, taratibu,
paka anayejua nyama imefichwa wapi.
Nilikuwa mstarini, hatua nane kutoka kwa Murhula.
Maneno mawili. Yalikuwa tayari ulimini,
yana ladha ya chuma.

Nikayameza.

Wavu wetu una tundu. Bao likapita, likaendelea,
ukuta, ngazi, sambaza, mtaro,
nami nyuma yake, nikikimbia
kuliko nilivyowahi kukimbia nikiwa na jezi.

Mama Nsimire aliufuta mpira kwa kanga yenye masizi,
ukazidi kuchafuka.
"Nani kafunga?"
"Mimi," nikasema.
Akanitazama, mkono mmoja kwenye gunia.
"Basi mbona hufurahi?"

Jumatatu nilifika kabla ya koni kupangwa.
Murhula alikuwa peke yake, anapiga mpira ukutani,
anaupokea, anapiga, macho kulia.
Sikumsalimu. Nilikwenda nikasimama kushoto kwake,
hatua mbili nyuma, nikaanza kuhesabu.
Nilifika kumi na tisa
ndipo shingo yake ikageuka, akashtuka.
"Uko hapo tangu lini?"
"Tangu mazoezi ya kwanza," nikamwambia.
"Umechelewa. Tena."